Mlundiko au mgao: kupanga safu za Oktoba katika hoki ya wanawake ya vyuo

Kila Oktoba ubishi huwa uleule. Mechi 4 zimechezwa, timu imeshinda 3 na kutoka sare 1, na tayari mashabiki wanataka kocha apangue safu. Kundi moja linadai nyota watatu wawekwe pamoja wamalize kazi. Kundi la pili linadai watawanywe, kila safu iwe na meno. Mwamba ngoma huvutia kwake, kwa hiyo kila mmoja anakutolea mfano wa mechi moja tu, ile iliyompendelea.

Nitaziweka njia hizi mbili ubavu kwa ubavu kwa kutumia timu mbili za Marekani zilizokutana kwenye fainali ya taifa ya vyuo mara 3 mfululizo: Wisconsin na Ohio State, 2023, 2024 na 2025. Njia ya kwanza nitaiita mlundiko. Ya pili nitaiita mgao, na simaanishi ule wa umeme.

Kwa wasioujua mchezo, dakika moja tu. Hoki ya barafuni ina watu 6 kila upande: kipa, mabeki 2, na washambuliaji 3, yaani senta na mawinga 2. Hao watatu ndio safu. Timu ina safu 4, na zamu ya safu moja ni kama sekunde 45, kisha wanaruka ukuta kurudi benchi na wenzao wanaingia huku mchezo unaendelea bila filimbi. Vipindi ni 3, kila kimoja dakika 20. Ukitoka kwenye soka inabidi usahau habari ya kikosi cha kwanza. Nani anaanza mechi si jambo kubwa. Jambo kubwa ni nani anaingia na nani.

Mlundiko: Wisconsin ya 2024-25

Kocha Mark Johnson alianza kazi Wisconsin mwaka 2002, na mataji yote 8 ya taifa ambayo chuo hicho kilikuwa nayo kufikia 2025 yalikuja akiwa benchi. Ni yuleyule aliyewafunga Wasovieti mabao 2 kwenye Olimpiki ya Lake Placid mwaka 1980, kwa hiyo hana cha kuthibitisha kwa mtu kuhusu ushambuliaji.

Msimu wa 2024-25 alikuwa na senta Casey O'Brien, na mara nyingi pembeni yake walikuwa Laila Edwards na Kirsten Simms. Ukitaka kuona mlundiko ulivyo, tazama hesabu ya O'Brien: mabao 26, pasi za mabao 62, jumla pointi 88, na tuzo ya Patty Kazmaier ya mchezaji bora wa vyuo. Zitazame zile 62. Mtu hatoi pasi nyingi hivyo bila wenzake wa kucheka na nyavu, na Edwards peke yake alifunga 35, mengi kuliko mchezaji yeyote wa vyuo mwaka huo. Nyuma yao alikuwepo beki Caroline Harvey, ambaye ukimtazama akipanda na kisahani, yaani ule mpira bapa wa hoki, unasahau kwamba ni beki. Timu ilimaliza ikiwa na ushindi 38, kipigo 1 na sare 2.

Faida ya mlundiko ni kwamba wachezaji werevu wanapozoeana wanaacha kutazamana. Senta anapiga pasi mahali ambapo hapana mtu, winga anafika. Muunganiko wa namna hiyo hauji kwa kuchorwa ubaoni. Unakuja kwa zamu mia tatu, mia nne pamoja, na ukishawatenganisha kila wiki mbili hauji kabisa. Anayetetea mlundiko ana hoja nzito hapo: Oktoba ndiyo wakati wa kuzihesabu zamu hizo, maana mechi za Machi ni za kutumia, si za kujifunzia.

Hasara yake inakaa kwenye safu ya tatu na ya nne. Safu hizo zinageuka kuwa za kupitisha muda. Wanaingia, wanapeleka kisahani pembeni, wanakibana ukutani, wanatoka. Hawafungwi, sawa, lakini hawajifunzi kufunga, na siku safu ya kwanza ikifungiwa njia, benchi zima linatazamana.

Mgao: Ohio State ya 2023-24

Nadine Muzerall aliichukua Ohio State mwaka 2016. Taji la kwanza la chuo hicho lilikuja 2022, kwa kuwafunga Minnesota Duluth 3-2, na la pili 2024. Timu zake zinakaba juu. Mshambuliaji wa kwanza anamfuata beki mpaka nyuma ya goli lake, wa pili anaziba njia ya pasi, wa tatu anasubiri kosa. Ukaba huo unakula pumzi. Haufanyiki kwa safu mbili zilizochoka na nyingine mbili za kushika nafasi, kwa hiyo lazima miguu mibichi iingie kila baada ya sekunde chache na ifanye kazi ileile.

Kwa msimu wa 2023-24 alikusanya wazoefu kutoka vyuo vingine: Cayla Barnes na Hannah Bilka walitoka Boston College, Kiara Zanon akatoka Penn State. Kocha wa mlundiko angewaweka Bilka na Zanon pamoja na mfungaji wake bora kisha akalala usingizi. Sifa ya ile Ohio State ilikuwa nyingine: hukuweza kusema kwa hakika ni safu ipi ya kuogopa. Ukiikaba hii, inakuja ile.

Faida ya mgao inaonekana zaidi ugenini, na hili mashabiki wengi hawalizingatii. Mchezo unaposimama, mgeni ndiye anayepeleka wachezaji wake kwanza. Mwenyeji anawatazama, ndipo anapeleka wake. Kwa hiyo ukiwa na safu moja ya nyota na umesafiri, mwenyeji atakutumia mabeki wake wawili bora na safu yake ya kukaba kila nyota wako wakiingia, usiku kucha. Ukiwa na safu tatu zinazokaribiana, hana pa kuwapeleka. Ligi ya WCHA wanamocheza hawa ina timu 8, na kila wikendi ni mechi 2 dhidi ya mpinzani mmoja uwanja mmoja. Mlundiko uliofungiwa Ijumaa utafungiwa na Jumamosi.

Hasara ya mgao? Mchezaji mmoja mwenye jicho anawekwa na wawili wasioona anachokiona. Anapiga pasi mahali pazuri, hapana mtu. Mara ya tatu anaacha kupiga, anaanza kubeba kisahani peke yake, anapokonywa. Nimeona winga mzuri akipoteza mwezi mzima hivyo, halafu watu wakasema ameshuka kiwango. Hakuwa ameshuka. Alikuwa anaongea na watu wasiojua lugha yake.

Fainali tatu zinasemaje

Mwaka 2023 Wisconsin 1, Ohio State 0. Mwaka 2024 Ohio State 1, Wisconsin 0. Mwaka 2025, Machi 23, Ridder Arena mjini Minneapolis, Wisconsin 4, Ohio State 3, katika muda wa nyongeza.

Miaka mitatu, tofauti ya bao moja kila mara. Anayekuambia njia yake imethibitishwa na fainali hizo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Lakini kuna jambo moja ndani ya matokeo hayo ambalo linanifanya nielemee upande mmoja. Bao pekee la 2023 lilifungwa na Kirsten Simms. Bao pekee la 2024 lilifungwa na Joy Dunne. Wote wawili, kila mmoja katika mwaka wake, walikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Msichana aliyefika kampasi Agosti, asiyejua hata darasa liko jengo gani, ndiye aliyeamua taji la Machi. Kocha anayetumia Oktoba nzima kuwapa dakika wale anaowajua tayari hawezi kumpata mtu wa namna hiyo, kwa sababu hatamwona.

Fainali ya 2025 ina somo lake jingine. Ohio State walikuwa mbele 3-2, zimebaki sekunde 18.9, Wisconsin wakapewa penalti baada ya kisahani kufunikwa kwa mkono mbele ya goli. Simms akapiga, 3-3. Muda wa nyongeza, dakika ya 2 na sekunde 49, Simms tena. Watetezi wa mlundiko hulitaja bao hilo kama ushahidi wao, na hapo ndipo ninapowapinga. Dakika za lala salama kila kocha hulundika. Anamtoa kipa, anaingiza mshambuliaji wa sita, anawapanga nyota wote pamoja, awe Johnson, awe Muzerall, awe kocha wa shule ya msingi. Hakuna anayegawa nyota zikibaki sekunde 19. Ubishi wetu ni wa dakika 55 za kabla ya hapo.

Baada ya O'Brien

Juni 2025 O'Brien aliingia ligi ya kulipwa, New York Sirens wakamchukua wa tatu kwenye usajili wa wachezaji wapya. Edwards, Simms na Harvey walibaki Wisconsin kwa msimu wa 2025-26, pamoja na kipa Ava McNaughton. Kwenye karatasi ni kikosi cha kutisha. Kwenye barafu pengo lilikuwa moja tu, lakini lilikuwa pengo la senta, na senta ndiye anayeinama kwenye duara kugombea kisahani mwamuzi anapokiachia, ndiye anayerudi kusaidia mabeki, ndiye wengine wanaomsikiliza. Winga akiondoka unahamisha winga mwingine. Senta akiondoka unavunja safu mbili ili ujenge moja.

Halafu msimu ule ulikuwa na jambo la pili: Olimpiki ya Milano Cortina, Februari 2026. Harvey, Edwards, Simms na McNaughton wote waliitwa timu ya taifa ya Marekani. Ohio State nayo haikupona, Joy Dunne aliitwa. Ligi ya vyuo haisimami kusubiri Olimpiki.

Msimu wa namna hiyo ndio unaonifanya niseme mgao bila kusitasita. Ukilundika Simms na Edwards kwenye safu moja Oktoba, unajenga kitu ambacho unajua tarehe ya kuvunjika kwake. Siku ndege inapoondoka kwenda Italia, yule wa tatu aliyebaki hana wa kuongea naye, na safu ya pili haijawahi kubeba mechi hata mara moja. Ukiwagawa, kila safu inapoteza mtu mmoja lakini inabaki na wawili wanaojuana. Kuziba pengo moja kwenye kila safu ni kazi ya wiki. Kuanza safu upya ni kazi ya miezi.

Edwards mwenyewe ni jibu la tatu ambalo ubishi wetu haulitaji. Binti huyu wa Cleveland Heights, Ohio, mwanamke mweusi wa kwanza kuichezea timu ya wakubwa ya Marekani, alikuwa mchezaji bora wa mashindano ya dunia ya 2024 akiwa mshambuliaji. Kufika Olimpiki, timu ya taifa ilikuwa imemhamishia ubeki. Ana urefu wa zaidi ya sentimita 180, anaona uwanja mzima, na beki anayeona uwanja mzima anaisaidia kila safu inayopita mbele yake, si moja tu. Huo ni mgao uliokwenda mbali zaidi: badala ya kumtafutia nyota safu, unamweka nyuma ya safu zote. Si kila timu ina mtu wa namna hiyo, na kumrudisha mfungaji wa mabao 35 nyuma kunahitaji kocha asiyeogopa simu za mashabiki.

Usidanganywe na ubao wa Oktoba

Mechi 6 za mwanzo ni chache mno kuhesabu mabao. Kisahani kimoja kikigonga kisigino cha beki na kuingia, safu mbovu inaonekana bora kwa wiki mbili. Mimi natazama mambo mengine.

La kwanza ni mahali kisahani kilipo zamu inapoisha. Safu ikitoka na kuacha mchezo karibu na goli la wapinzani, imefanya kazi hata kama haikupiga shuti. Ikitoka na kuacha wenzake wanahangaika mbele ya kipa wao, bao lililofungwa juzi lisikupumbaze.

La pili ni kipindi cha pili. Timu zinabadilishana magoli lakini benchi halihami, kwa hiyo katika kipindi hicho goli unalolinda liko mbali na benchi lako. Ukibanwa huwezi kutoka. Zamu ya sekunde 45 inakuwa dakika moja na nusu, mapaja yanawaka. Ukiongeza sheria kwamba anayepiga kisahani ovyo kutoka nusu yake hadi nyuma ya goli la pili haruhusiwi kubadili wachezaji, unapata mahali ambapo mlundiko huungua: nyota waliochoka wamekwama uwanjani, na wapinzani wanaingiza safu mbichi mbele ya macho yao. Safu za mgao nazo hukwama, ila mara nyingi waliokwama hawajacheza zamu nyingi kama wale.

La tatu halihitaji maelezo: mechi za ugenini zina uzito kuliko za nyumbani, kwa ile sababu ya nani anapeleka wachezaji mwisho.

Sasa uchague nini

Kama timu yako ina senta mmoja tu wa kweli, usimgawe, hagawanyiki. Mpe mawinga wako wawili bora na ukubali kwamba safu nyingine zitakaba. Mgao bila masenta ni ubahatishaji, na hapa watetezi wa mlundiko wana haki kabisa.

Kama una masenta wawili, anza na mgao. Mtakwaruzana Oktoba, pengine mtapoteza mechi ambayo mngeshinda, na watu watakuuliza kwa nini fulani na fulani hawachezi pamoja. Vumilia mpaka Krismasi.

Kama una kikosi kidogo, mathalani wale wa Nairobi wanaojifunzia kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ubishi huu hauwahusu sana. Watu wakiwa wachache safu ni za kupokezana pumzi, na kinachochaguliwa ni nani bado anaweza kusimama.

Lakini ukinibana niseme ningepangaje timu ya chuo kwa Oktoba ya kawaida, nisingepanga watatu watatu. Ningepanga pacha. Makocha wengi hufanya hivyo kimyakimya: wanachagua wawili wanaoelewana, senta na winga mmoja, na hao hawaguswi. Mtu wa tatu ndiye anayebadilishwa kila wikendi. Leo binti wa mwaka wa kwanza, wiki ijayo yule mkabaji mwenye mbio, wiki ya tatu mwingine. Ukiwa na pacha tatu za namna hiyo una muunganiko ambao watetezi wa mlundiko wanaulilia, na una nafasi tatu wazi za kumtafuta Dunne wako au Simms wako. Pacha mbili unaweza kuzichanganya sekunde 19 zikibaki, na mlundiko wako utakuwa unajuana nusu nusu tayari. Hasara yake ni kwamba yule wa tatu hukaa roho juu kila Alhamisi akisubiri karatasi ya safu. Mchezaji wa mwaka wa kwanza huchukulia kubadilishwa kama adhabu, kwa hiyo kocha lazima amwambie mapema, kabla ya mazoezi ya kwanza, kwamba nafasi hiyo ni ya kuzunguka na hakuna aliyekosea.

Na kama hupangi timu yoyote, unataka tu kujua utazame nani? Ukipenda pasi inayokufanya usimame kwenye kiti, tazama Wisconsin, hasa nyumbani kwao LaBahn Arena, uwanja wa watu 2,273 ambako unasikia kisu cha kiatu kikikata barafu. Ukipenda kuona mpinzani akinyimwa hewa, tazama Ohio State. Zikikutana, usiangalie kisahani katika kipindi cha pili. Angalia milango ya benchi: nani ameinua mkono kuomba kutoka, na ni nani hawezi kutoka.